Mtu wa Juu

Pale Caleta Huirales, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Chile, mpiga mbizi hazami peke yake. Serikali nayo imeliandika hilo kwa namna yake, lakini hata isingeliandika, mlevi wa mwisho kijijini angekwambia. Unashuka na kipumulio mdomoni, kompresa inanguruma mashuani, mpira wa hewa unakufuata nyuma kama mkia, na kando ya kompresa ameketi mtu wa juu, mpira umepita viganjani mwake. Ukivuta mara moja, anajua uko salama. Ukivuta mara tatu, anaacha kila kitu na kukupandisha. Katika mashua nyingi mtu wa juu ni ndugu, au rafiki asiyependa baridi. Katika mashua ya Eleodoro Araya alikuwa mkewe, Zunilda, tangu enzi ambazo wapiga mbizi wengi wa leo walikuwa bado wananyonya.

Zunilda alifariki mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi kali, mikono imejaa unga wa mkate. Moyo tu, daktari alisema, kana kwamba moyo ni kitu cha kusemewa "tu". Eleodoro alisimama kaburini macho makavu, akapeana mikono na kila mtu, akashukuru kwa maua. Kesho yake aliifunika kompresa kwa turubai, akaisukuma hadi mwisho wa banda na kufunga mlango. Kisha siku hiyohiyo akaenda mjini Coquimbo, akarudi na mitungi miwili ya hewa, ile ya kubeba mgongoni wanayovaa watalii.

Kijiji kilipata la kuongea.

"Don Eleodoro!" Baudilio alimwita siku ya kwanza alipomwona anaburuta mtungi kwenye mchanga. Baudilio naye ni mpiga mbizi, mtu mnene mwenye mashua inayovuja na mdomo usiofungwa. "Umeshakuwa mtalii? Bado kamera tu, na Mjerumani wa kushikana naye mkono."

"Wewe shughulika na hilo beseni lako linaloingiza maji."

"Nashughulika. Lakini niambie, mtu wako wa juu sasa ni nani?"

"Simhitaji."

"Basi ni Mungu peke yake. Na yeye ana mipira mingi ya kushika."

Watu waliokuwa ufukweni walicheka, na Eleodoro akacheka nao kidogo ili wamwache aende zake. Kama ungemwuliza, angekwambia mtungi ni mambo ya kisasa, hauna kelele, hauli mafuta, haukunji mgongo wa mtu kuuviringisha. Yote hayo ni uongo mtupu. Mwenyewe alijua sababu, ila hakuitamka hata chumbani alikokuwa peke yake, maana ingesikika ya kijinga. Maadamu hakuna mtu aliyekaa pale kando ya kompresa na kuushika ule mpira, mahali pale palikuwa bado pa Zunilda. Akimweka mwingine, basi imekwisha. Ilikuwa ya kijinga kweli, lakini ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi.

Basi akawa anazama peke yake, kuokota lapa, kombe wanaobanduliwa mwambani, za kuuza kwenye mikahawa ya barabara kuu. Chini kule hakukuwa kumebadilika kitu. Mwani mrefu ulisimama kwenye mwamba, mashina yake manene kuliko mkono, ukienda huku na kurudi kila wimbi lilipopita. Ukuta wa mwamba ulikuwa na rangi ya waridi kana kwamba umepakwa, na kwenye nyufa walijazana konokono wanene wa loko, mgongo kwa mgongo, wakingoja siku ambayo chama cha wavuvi kingeruhusu wavunwe. Maji ya huko ni baridi ya kuuma meno. Yanaingia shingoni, yanateremka uti wa mgongo taratibu, na ukishavumilia dakika za kwanza mwili unanyamaza.

Kilichobadilika ni ukimya. Zamani ngurumo ya kompresa ilimfikia mpaka chini kwa mbali, na mpira uliofungwa kiunoni mwake ulikuwa hai. Zunilda alikuwa na tabia ya kuuvuta kidogo, polepole, bila sababu, si ishara ya kitu chochote. Yupo, basi. Naye Eleodoro humjibu hivyohivyo, kisha kila mmoja anaendelea na kazi yake. Watu walisema ndoa yao ilikuwa ya kimya, maana nchi kavu hawakuongea sana. Sasa alisikia pumzi zake tu, zikiingia na kutoka, na mkono wake wa kushoto ulikwenda kiunoni wenyewe, ukapapasa, usikute kitu. Alikuwa mpweke kule chini kuliko alivyowahi kuwa mahali popote, na bado alirudi kila siku.

Novemba chama cha wavuvi kiliitisha mkutano. Mwenyekiti ni doña Uberlinda, mama mwenye sauti ya kuita kondoo, ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Jumatatu tunaanza kuvuna loko," alisema. "Utaratibu ni uleule. Nani anashuka na nani, na nani yuko juu. Don Eleodoro, mtu wako wa juu ni nani?"

"Nitazama na mtungi."

"Kwenye eneo letu hapana. Ukifa kule chini, don Eleodoro, nitaliambia nini jeshi la wanamaji? Kwamba ulikuwa na mtungi mzuri? Hapana. Asiye na mtu wa juu hashuki, na asiyeshuka Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine mpaka mwakani. Na mwakani tutaona."

Kila mtu alielewa maana ya "tutaona". Kwa umri wake, mpiga mbizi akipoteza nafasi hairudi tena. Atakaa ukutani na wazee wengine akitazama mashua zikitoka, mpaka siku naye abebwe upande wa makaburini. Eleodoro alielewa vizuri kuliko wote.

"Mimi nitamshikia," sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa Noelfa, mdogo wake Zunilda. Huyu ndiye anayekusanya mwani unaotupwa na mawimbi kwenye miamba, anauanika, anaufunga mizigo na kuupandisha kilima mwenyewe. Hakuolewa, na hamwogopi mtu yeyote.

"Wewe?" Eleodoro aligeuka. "Shemeji, wewe hata ulimi wako umekushinda kuushika, utaweza mpira?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Noelfa hakucheka.

"Dada ndiye aliyenifundisha kwenye mashua za wengine, mwaka ule ulipovunjika kidole na kushinda nyumbani unalalamika. Au umesahau?"

"Sijasahau. Sitaki mtu."

"Hutaki mtu, au hutaki mimi?"

"Sitaki mtu!" alisema kwa ukali mno, akachukua kofia yake na kutoka. Nyuma yake watu wakatazamana.

Asubuhi ya kesho yake alitia mashua majini kabla wengine hawajamaliza chai. Alikwenda mpaka mwamba waliouita Cabezón, nje kidogo ya ghuba, ambako mawimbi huvunjika hata siku ya utulivu. Kwa nini huko? Kwa hasira tu. Alitaka kurudi na wavu uliojaa, autupe mbele ya doña Uberlinda na kusema: haya, mnaona? Mtu mzima akinuna hana tofauti na mtoto, tofauti ni kwamba mtoto hapewi mashua.

Akatia nanga, akavaa mtungi, akashuka. Kazi ilikwenda vizuri. Alibandua lapa moja baada ya nyingine kwa chuma chake, akaingia kwenye ufa, akatoka, akazunguka nyuma ya mwamba palipokuwa na kubwa zaidi. Mita ya hewa ilining'inia ubavuni mwake na hakuitazama. Haikuwa dharau. Maisha yake yote hewa ilikuwa kitu kinachotoka juu, na haikwishi maadamu mtu yuko na kompresa ina mafuta. Kuikagua hewa lilikuwa jambo ambalo mwili wake haujawahi kujifunza.

Pumzi ikawa nzito. Akavuta, ikaja nusu. Akavuta tena, ikaja kidogo sana.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtalii yeyote wa wiki moja asingelifanya. Mtalii angepanda. Eleodoro alitulia. Alishika shina la mwani kwa mkono wa kulia asisogee, kama inavyompasa anayezama na mpira asije akautatiza, akapeleka mkono wa kushoto ubavuni, akakamata ule mpira mwembamba wa mita, akauvuta. Mara moja, mbili, tatu. Kisha akangoja.

Alingoja kwa imani kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuja kumtisha baadaye, kwamba hakuwa na hofu hata chembe. Alingoja kuhisi mwili wake ukinyanyuliwa, akatazama juu kwenye mwanga wa kijani unaochezacheza, akavuta tena mara tatu. Ni pale kifua kilipoanza kuruka chenyewe ndipo alipojua hakuna mtu. Akatema kipumulio, akafungua mdomo ili hewa iliyobaki itoke, akajisukuma juu kwa miguu yote miwili.

Alitokeza upande wa nje wa mwamba. Wimbi likamchukua, likamrudisha, likamviringisha kwenye mwani mpaka mikono ikanaswa. Mashua yake ilikuwa ng'ambo ya pili na hakuiona. Alikohoa, akameza maji, akashika mashina kwa viwiko, akatulia akitazama mbingu ya kijivu. Aliita mara moja. Hakujua amemwita nani.

Aliyeiona mashua tupu ni Noelfa, akiwa kwenye miamba na mzigo wa mwani begani. Aliitazama ikipanda na kushuka, akangoja kichwa kitokeze, hakikutokeza. Akatupa mzigo, akakimbia juu ya mawe na mabuti yake ya mpira, akamkuta Baudilio anakomba maji mashuani mwake.

"Washa!"

"Nini?"

"Washa mashine, wewe mnene, utauliza njiani!"

Walimkuta bado ameng'ang'ania mwani, midomo ya bluu.

"Mshike mabegani, Baudilio! Si hapo, utamvua suti!"

"Mzito!"

"Kata huo mkanda wa uzito! Yu hai?"

"Yu hai. Anatutukana."

Walimlaza juu ya nyavu. Baudilio akamfunika koti lake. Kisha Baudilio, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, akauliza, "Don Eleodoro, mtungi umekwisha, na juu ni pale tu, mtu anafika kwa pumzi moja. Ulikuwa unangoja nini huko chini?"

"Nilivuta," Eleodoro alisema.

"Ulivuta nini?"

"Nilivuta mara tatu."

Baudilio akarudi kwenye mashine. Noelfa aligeuza uso upande wa bahari. Walirudi mpaka ghubani hivyohivyo.

Jioni Noelfa alikuja na mkate na samaki wa kukaanga, akaingia bila kubisha, akachemsha maji ya chai. Jikoni kulikuwa baridi. Kikombe kilikuwa kimoja mezani, na ilionekana kimekuwa kimoja kwa muda mrefu.

"Kula."

"Sina njaa, shemeji."

"Sikukuuliza."

Akala.

"Novena ya dada, zile sala za siku tisa za msiba, niliisali na vikongwe wanne na mbwa wa doña Uberlinda," Noelfa alisema akimimina chai. "Jioni zote tisa. Kila jioni nilikuwekea kiti. Wewe ulikuwa baharini."

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi! Bahari ile imekosa siku nyingine? Shemeji, mimi pia nimefiwa. Nilikuwa na dada mmoja tu duniani. Wewe umejifungia naye ndani ya nyumba hii, mimi ukaniacha nje nikilia na mbwa."

Eleodoro alitazama mezani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Haikuwahi kumpitia akilini, hata siku moja, kwamba kulikuwa na mwingine anayemkosa Zunilda.

"Jumatatu nitakuja saa kumi na mbili," Noelfa alisema akivaa koti. "Ukifungua, nimekuja kazini. Usipofungua, nitasimama mlangoni nipige kelele mpaka waamke wa kijiji cha pili. Unanijua."

"Nakujua."

"Basi lala."

Jumatatu alipofika mlango ulikuwa wazi. Eleodoro alikuwa ameshatoa turubai, ameshabadilisha mafuta na kusafisha chujio la hewa, na kompresa ilikuwa mashuani. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Mashua kumi na kitu zilitoka pamoja, watu wakitaniana kwa redio, doña Uberlinda akiwa katikati ya ghuba kwenye mashua ya chama, anahakikisha hakuna anayebandua loko mdogo.

Noelfa alikaa kando ya kompresa. Alikaa akielekea mbele, upepo ukimpiga usoni, wakati Zunilda alikuwa akiupa mgongo. Eleodoro aliliona hilo, likamchoma, akataka kumwambia. Akavaa miwani yake badala ya kusema.

Alishuka pamoja na ngurumo, mpira ukimfuata. Alipofika kwenye mwamba alitulia kidogo, mwani ukipita juu ya kichwa chake. Hapo mpira ukavutwa.

Ulivutwa kwa nguvu, mvuto mfupi wa mtu anayefunga mizigo, nusura kipumulio kimtoke mdomoni. Haukuwa mkono anaoujua. Alisubiri mwingine, ule wa polepole. Alijua hauji, na alisubiri. Wala si kichwa kilichoelewa, maana kichwa kilijua tangu Julai. Ni kiuno, ni mgongo, ni ngozi chini ya suti nene. Kilio kikampanda kule chini, mwili mzima ukitikisika, miwani ikajaa machozi, na hakuna aliyemwona isipokuwa loko kwenye nyufa, ambao hawakujali.

Mpira ukavutwa tena, mara hii kwa wasiwasi. Huko juu kulikuwa na mtu anayeogopa. Eleodoro akaweka mkono wa kushoto kiunoni na kumjibu.

Kisha akafanya kazi. Alipima kila loko kabla ya kumtia kwenye wavu, akawaacha wadogo, akajaza, akapandishwa. Noelfa alimshika kwapani akamsaidia kuvuka ukingo, akamvua miwani kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

"Unavuta kama unafunga punda," Eleodoro alisema.

"Na wewe unajibu kama ofisi ya serikali. Nilishaanza kukupandisha juu kama gunia." Alimtazama machoni, yalikuwa mekundu. "Una nini? Presha ya maji?"

"Noelfa." Hakuwa na kawaida ya kumwita jina.

"Nini?"

"Zunilda amekufa."

Noelfa aliuweka mpira chini polepole, akajifuta mikono kwenye aproni ya mpira, akaifuta tena.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Amekufa."

Akakaa karibu naye juu ya kamba zilizolowa, akainamisha kichwa begani pake na kulia kwa sauti, bila kujizuia, jinsi alivyotaka kulia kwenye zile jioni tisa asipate mtu wa kulia naye. Eleodoro alimshika kwa mkono mmoja. Mwingine aliutumia kuzima kompresa.

Ngurumo ilipokatika, mashua za jirani zikageuka kutazama. Redio ikakoroma.

"Mashua ya Araya, mashua ya Araya," ilikuwa sauti ya doña Uberlinda. "Mmezima mashine. Kuna nini huko?"

Eleodoro akaichukua redio kwa vidole visivyohisi kitu.

"Hakuna tatizo, doña Uberlinda," alisema. "Tunalia kidogo. Tukimaliza nitashuka tena."